Kiinimacho cha Barazani: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Lamu

Nacheza viinimacho kwa vitu vya mfukoni na vya jikoni: sarafu, mpira wa kufungia noti, njiti za kibiriti, kitambaa cha mkono, vikombe vya kahawa. Sina sanduku wala sungura, na hakuna bibi ninayemkata kwa msumeno. Nacheza kwenye baraza za mtaani, Mkunguni mbele ya ngome, na mara moja moja Shela. Maswali haya nimeulizwa mara nyingi hata kahawa hunipoa mkononi nikiyajibu, basi nimeyaweka pahali pamoja.

## Ya mwanzo

Kiinimacho ni nini hasa?

Ni mchezo wa kumfanya mtu aone jambo ambalo halikutokea, au asione lililotokea mbele ya uso wake. Neno lenyewe limeshasema. Kiini cha jicho ni kile kiduara cheusi cha katikati, kama kiini kilivyo katikati ya yai. Waliotuachia neno hili wangeweza kuutaja mkono. Wao wakalitaja jicho la anayetazama.

Na mazingaombwe?

Wengi hutumia maneno yote mawili kwa maana moja, na hakuna ubaya. Mimi mazingaombwe nawaachia wenye jukwaa, pazia na muziki. Changu huchezwa umbali wa mkono mmoja: wewe umekaa, mimi nimekaa, magoti yetu yanakaribia kugusana.

Kweli huna jini?

Sina. Ningekuwa naye nisingekuwa na jina langu kwenye daftari la deni dukani. Sarafu iliyopotea haikwenda kuzimu. Iko mkononi mwangu wa pili, au chini ya paja, au kwenye kikoi.

Wasiwasi huu si wa Lamu peke yake. Mwaka 1584 Mwingereza mmoja, Reginald Scot, alichapisha kitabu cha kupinga kuteswa kwa watu waliosingiziwa uchawi, na ndani yake akaeleza jinsi wachezaji wa sarafu, mipira na karata wanavyofanya, ili msomaji aone kwamba hakuna shetani humo. Upande wa pili nao upo, na haupendezi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Jean-Eugène Robert-Houdin, bingwa wa fani hii enzi zile, hadi Aljeria, akawavunje watu imani kwa viongozi wao wa dini waliokuwa na ushawishi dhidi ya utawala wa Kifaransa. Alikuwa na kisanduku ambacho mtoto angekinyanyua, kisha akitaka yeye, hata mwanamume wa miraba minne hakiwezi. Chini yake palikuwa na sumaku ya umeme. Kwa hivyo mzee akinitazama kwa jicho la pembeni simlaumu. Mchezo huu umeshawahi kutumiwa kuwatawala watu.

Dini inasemaje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ni haki kuulizwa. Kila aliyesoma chuoni anakijua kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni: katika Kurani, sura ya Al-A'raf aya ya 116, waliyaroga macho ya watu, na katika sura ya Twaha aya ya 66 kamba zao na fimbo zao zikaonekana kana kwamba zinakwenda mbio. Wapo masheikh wanaokataza kila kinachofanana na hayo, na wapo wanaopambanua kati ya sihiri na mchezo wa wepesi wa mkono usio na madai ya ghaibu wala kula mali ya mtu. Fatwa mtake sheikh wako, usimtake mtu wa sarafu.

Yangu ni masharti niliyojiwekea. Kabla sijaanza nasema wazi: huu ni mchezo wa mkono. Sidai kusoma fikra za mtu wala kujua la kesho, hata kama ni mzaha. Sichezi karibu na msikiti, na adhana ikianza kila kitu hurudi mfukoni. Tasbihi sichezei, hata nikipewa na mwenyewe.

## Vitu vyenyewe

Kwa nini vitu vya kawaida? Huwezi kununua vifaa?

Ningeweza kuagiza. Lakini sanduku lenye nakshi za nyota huja na hatia yake. Mtu akiliona tu anajua siri imo ndani, na amani yako imekwisha. Kikombe cha kahawa kila mmoja barazani amekitia mdomoni. Hakuna anayekishuku.

Kitu cha kuazima ndicho chenye nguvu zaidi. Pete yako mwenyewe ikinitoka mkononi na kuonekana imening'inia kwenye kamba uliyoishika ncha zote mbili, utaisimulia mpaka Matondoni. Pete yangu ikifanya hivyo utasema nimeinunua hivyo. (Hatari ya kuazima iko chini, kwenye swali la pete.)

Tena hewa yetu ina chumvi. Vifaa vya chuma vyenye springi na sumaku havidumu hapa. Msimu mmoja tu vimeshika kutu.

Sarafu ipi ni nzuri?

Shilingi ishirini. Ina upana wa kuonekana na mtu wa nyuma na uzito wa kukaa kiganjani bila kuibana. Ile ya shilingi moja ya toleo jipya ni nyepesi mno, hujisahau mkononi halafu ikaanguka.

Toleo la mwaka 2018 limenipa pia hadithi za bure. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, basi sasa shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu. Zamani nilikuwa nikipoteza sarafu tu. Siku hizi napoteza ndovu, na watoto humtafuta hadi chini ya mkeka.

Siku hizi watu hawana sarafu, kila kitu M-Pesa. Unaazima nini?

Ni kweli, na ni pigo. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mifuko imekuwa ikipungua kelele mwaka baada ya mwaka. Ninachofanya ni kutoa sarafu yangu, nikampa mtu kalamu aiwekee alama yake. Alama ndiyo inayoifanya iwe yake. Au natumia walichonacho: pete, ufunguo, kifuniko cha kalamu, hata mswaki wa mti. Simu sipotezi. Mwenye simu hacheki.

Unaweza kuichana noti kisha ukairudisha nzima?

Naweza kuonyesha hivyo, lakini siku hizi sifanyi. Kuharibu noti kwa makusudi ni kosa kisheria, na hata ukiwa umechana karatasi nyingine, watu walioona kwa macho yao watakwenda kusema umechana noti. Chukua risiti ya duka. Ina maandishi, ina tarehe, na haina askari.

Kwa nini huchezi karata?

Ndani ya nyumba nacheza. Nje, upepo. Wakati wa kaskazi au wa kusi, ukikaa ukingoni mwa bahari, ree ya kopa itafika kisiwa cha Manda kabla yako. Na zile zinazobaki hunyonya unyevu, zikavimba na kushikana, ukitaka kuchezesha moja zinakuja tatu.

Ule mchezo wa vikombe vitatu vya kahawa unakwendaje?

Huu ndio nilioupenda kwanza na ndio nitakaouacha mwisho. Vikombe vitatu vidogo visivyo na mkono, vile vile vya muuza kahawa, vimefunikwa kwenye mkeka. Vijipira vitatu vinaingia, vinatoka, vinahama kutoka kikombe hadi kikombe bila kuguswa. Mwisho nafunua vikombe, na chini ya kila kimoja kuna tende. Tende zinaliwa, vikombe vinarudi kwa mwenyewe, kahawa inamiminwa kutoka kwenye dele. Hakuna ushahidi uliobaki.

Ni mchezo wa kale mno. Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca, wa karne ya kwanza, aliutaja kwenye barua zake: wachezaji wa wakati wake walitumia vikombe vya siki na vijiwe. Baadaye wachezaji wa Misri walikuwa wakipanda meli zilizotia nanga Port Said, wakawachezea abiria, na mwisho wao badala ya tende walitoa vifaranga hai. Vifaranga! Mimi tende tu hunitoa jasho.

Nilipoanza nilitumia komwe za bao, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo nyumbani. Kosa. Komwe ni ngumu, ikigusa ukuta wa kikombe inalia *tik*, na baraza nzima inajua kitu kimeingia. Sasa nakata kitambaa cha kanga iliyochakaa, nakikunja na kukishona mpaka kiwe kijipira kigumu lakini kimya. Chagua rangi moja. Nyekundu inaonekana vizuri hata kwa taa ya koroboi.

Siri ya nusu nitakupa: vijipira si vitatu. Nusu nyingine ni saa ya kutia tende. Haziingii watu wakiwa wamekodoa macho. Huingia pale kijipira cha mwisho kimeonekana pasipotarajiwa, watu wamecheka, wameegemea nyuma na kutazamana. Wakishatazamana wao kwa wao, mimi nina muda wa kutosha kutia hata boflo.

## Mkono na jicho

Si kweli kwamba mkono una kasi kuliko jicho?

Si kweli. Jicho lako linaweza kumfuata mbayuwayu. Litashindwaje na mkono wa mtu wa makamo? Mikono yangu huenda polepole, na ikikimbia ujue nimekosea.

Kinachoshindwa ni mazingatio. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa video ya vijana wakirushiana mpira na kuambiwa wahesabu pasi. Katikati ya video anapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, anasimama, anajipiga kifua, anaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi. Kazi yao ilikuwa kuhesabu.

Kingine ni uso wa mchezaji. Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land walichapisha mwaka 2006 utafiti wa kiinimacho cha mpira: mchezaji anaurusha juu mara mbili, ya tatu anajifanya kuurusha na kumbe ameuficha. Akiutazama juu kama kwamba umekwenda, zaidi ya nusu ya watu wanasema wameuona ukiruka. Akiutazama mkono wake, wanaodanganyika ni wachache zaidi. Ndiyo maana namwambia kila kijana anayekuja kujifunza: ukitaka sarafu iwe mkono wa kulia, wewe wa kwanza amini iko huko. Ukiuchungulia wa kushoto, hata punda atajua.

Nifundishe kimoja, nitakwenda kuwaonyesha wenzangu.

Haya. Chukua kitambaa cha mkono chenye pindo pana. Fumua nyuzi mbili tatu karibu na pembe moja, ingiza njiti ya kibiriti ndani ya pindo, ushone. Njiti iwe ya aina ile ile utakayotumia, kwa sababu mwenzako ataipapasa.

Tandaza kitambaa kwenye kiganja. Mpe mtu kibiriti achague njiti mwenyewe, aiwekee alama ya kalamu kwenye mkia, ailaze katikati. Kunja pembe moja moja kuelekea kati, na ile yenye njiti ya siri iwe ya kwanza kukunjwa, ifike pale pale katikati. Sasa shika njiti ya siri kupitia kitambaa na umpe aishike, umwambie aivunje. Mwache avunje yeye. Ile *kaa!* ya njiti kuvunjika ndiyo kiinimacho chote. Mtu anaweza kuyabishia macho yake, lakini vidole na masikio yake hayabishii. Mwambie avunje tena. Kisha kunjua pole pole, utikise kitambaa, na njiti yenye alama ianguke nzima.

Baada ya hapo kitambaa kirudi mfukoni kwa utulivu. Usikirushe kana kwamba kina moto.

Tahadhari moja ya nyumbani: kitambaa changu kiliwahi kufuliwa bila mimi kujua. Njiti iliyolowa haivunjiki, hujikunja tu. Shemeji yangu aliikunja, akaikunja tena, akanitazama, akasema, "Hii yako imepikwa?"

Kuna kilicho rahisi zaidi, cha mtoto?

Mpira. Ule wa kufungia noti, uvishe kwenye kidole cha shahada na cha kati. Mgongo wa mkono uwe kwa watu. Uvute mpira kuelekea kwako kwa mkono wa pili, na ukifunga ngumi, tia ncha za vidole vyote vinne ndani yake. Kwa nje bado unaonekana umo kwenye vidole viwili vya kwanza. Fungua ngumi: unaruka wenyewe kwenda kidole cha pete na cha mwisho. Jioni moja inatosha kukijua, na sijaona mtoto aliyekifanya mara moja akaacha.

Inachukua muda gani kujua sarafu?

Kuificha kiganjani, wiki. Kuificha na mkono ukaonekana mkono wa kawaida, mwaka na zaidi. Mkono uliobeba siri huwa mgumu kama mkono wa mtu kwenye picha ya pasipoti. Mimi nilikuwa nashinda na sarafu kiganjani: nikipanda mashua kwenda Manda, nikimenya embe, nikisalimiana na watu. Mtihani ni kumimina kahawa huku imo. Siku utakaposahau kwamba unayo, umefuzu.

Si unazitia kwenye mikono ya kanzu?

Kila mtu anaamini hivyo, ndiyo maana navaa shati la mikono mifupi na kikoi. Sikatai msaada wa nguo, ila si huko wanakotazama. Mtu aliyekaa mkekani kwa kukunja miguu, kikoi chake kinakuwa bakuli.

## Barazani

Nikae wapi, na watu wakae wapi?

Vitabu vya ugenini vimeandikwa kwa mtu aliye nyuma ya meza, watu wote mbele. Baraza zetu zimetazamana pande mbili za kichochoro, kwa hivyo una watu mbele, una watu ubavuni, na daima kuna mmoja aliyesimama nyuma ya bega lako akila kashata. Tafuta pembe ya ukuta. Kaa mgongo kwenye ukuta, na mtu mbishi zaidi mkalishe karibu yako kabisa, si mbali. Aliye karibu anatazama kitu kimoja. Aliye mbali anaona mikono yote miwili.

Kelele na vurugu za mtaani hazikuharibii?

Zinanisaidia. Punda mwenye shehena ya mawe akipita kwenye kichochoro chetu, kila mtu lazima anyanyue miguu na kubana kikombe chake. Kwa muda huo mfupi hakuna jicho lililo kwangu. Nimeshafanya kwa punda mmoja kazi ambayo ingenichukua dakika tano za maneno. Muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, vichwa vinageuka. Hilo pia halipotei bure. Shida yake ni kwamba punda huwezi kumpangia saa.

Watu wale wale kila usiku. Hawakuchoki?

Hapa ndipo ugumu wa Lamu ulipo, na wageni hawauoni. Katika mji mkubwa, mchezaji mwenye viinimacho vitatu anakula mwaka mzima, kwa kuwa kila siku ana watu wapya. Mimi nina wazee sita ambao wamekaa baraza moja tangu nikiwa na kaptura. Wawili kati yao walinishika mkono kunifundisha kuandika. Wanaijua mikono yangu kuliko mimi.

Na wanaona visivyohusiana na sarafu. Binamu yangu aliniambia, baada ya miezi ya kukaa kimya, kwamba kila ninapotaka kufanya "ile yako" nameza mate. Ilinichukua Ramadhani nzima, kila usiku baada ya tarawehe, kuiacha tabia hiyo. Sasa nameza mate wakati ambapo hakuna lolote, na yeye huinama kutazama.

Nilichojifunza ni hiki. Usirudie kitu kile kile usiku mmoja, hata uombwe vipi. Ukiombwa sana, fanya kinachofanana kwa nje lakini kwa njia nyingine ndani, ili anayetafuta njia ya kwanza asiikute. Kikishajulikana kizike mwaka mzima. Na mara nyingine waachie wakukamate. Watu wasiowahi kukukamata huacha kuja.

Watoto ni rahisi kuwadanganya?

Ni wagumu kuliko baba zao. Mtu mzima nikitazama kulia anatazama kulia, adabu yake inampeleka huko. Mtoto wa miaka saba anatazama anachotaka. Tena amekaa chini, anakuona kutoka chini, mahali ambapo kila kilichofichwa kiganjani kiko uchi. Nimeumbuliwa na watoto zaidi ya wote: "Si hii hapa!" Kwa watoto cheza mpira na vikombe, na sarafu uzihesabu kabla na baada. Wadogo hutia kila kitu mdomoni.

## Pesa na lawama

Watalii wanalipa?

Wengine. Sipangi bei, natandika kofia. Nikiwachezea wageni Shela hupata zaidi kuliko Mkunguni, lakini wageni hupiga makofi kwa kila kitu, na makofi ya namna hiyo hayakufundishi lolote.

Unaweza kunizidishia pesa? Nikikupa elfu itoke elfu mbili?

Hapana. Naulizwa hili kwa mzaha, na nusu ya wanaouliza kwa mzaha wanangoja niseme ndiyo. Anayekwambia anaweza kuzidisha pesa anatumia kile kile ninachotumia mimi, ila yeye harudishi. Nikiona umepiga magoti kwa dhati nitakuonyesha jinsi bahasha inavyobadilishwa, uone kwa macho yako, uende salama. Na anayejidai ana nguvu za uchawi za kutisha watu, Sheria ya Uchawi ya Kenya inamhusu, na ipo tangu 1925.

Tofauti yako na wale wa pata potea?

Njia ni jamaa, nia ndiyo inayotenganisha. Wa karata tatu anakuficha kwamba huu ni mchezo. Mimi ndilo neno langu la kwanza (tazama swali la dini). Na ujue hili: yule anayeshinda mbele yako pale kwenye pata potea ni mwenzao. Hakuna siku utakayoipata ile karata. Usijaribu kutumia uliyojifunza hapa. Ukimjua anavyofanya utapoteza pesa ukiwa unajua, basi.

Unacheza harusini?

Upande wa wanaume, ndiyo. Upande wa wanawake kuna binti wa mtaani niliyemfundisha vikombe, na nasikia ananipita. Sijaona, wala sitaona.

## Yakienda kombo

Umeshawahi kupoteza kitu cha mtu kikweli?

Pete ya fedha, ya mzee mmoja, jetini. Niliiazima nikiwa nimesimama kwenye mbao, nikafanya ulaghai wangu wote, mkono ukatoka mtupu, watu wakashangaa. Nikashangaa na mimi. Ilikuwa imepita kati ya mbao mbili.

Maji yalikuwa yamejaa. Nilimwambia mzee ukweli pale pale, na ndilo shauri langu kwa yeyote: usiendelee kuigiza kitu kikishapotea, kwa sababu kila sentensi unayoongeza utailipa. Tulikaa tukingoja maji yapwe, yeye na mimi, kama saa sita. Alinunua viazi karai, akanipa. Magharibi ilikuwa inakaribia nilipoteremka kwenye tope na kuikuta karibu na kandambili iliyooza. Tangu siku hiyo sichezi pete juu ya maji, wala juu ya mtaro, wala kisimani.

Mtu akinirekodi kwa simu je?

Simu haina adabu, kama mtoto. Haigeuzi uso nikiuliza swali, na kesho yake inatazamwa polepole mara kumi. Naomba warekodi kitambaa na njiti, kwa kuwa siri yake hata ikienda polepole imefichwa ndani ya pindo. Vikombe nawaomba waweke simu chini. Wengi huweka.

Kwa nini umetoa siri hapa? Wachezaji wenzako hawatakasirika?

Watanikasirikia. Seneca yule yule alisema kwamba akishaelezwa vile vikombe vinavyofanywa, hana hamu navyo tena. Nimetoa viwili vitatu vya kuanzia, ambavyo mtu lazima ashone, arudie na kuaibika kidogo kabla havijafanya kazi. Vingine vitabaki mkononi.

Asiyeona anaweza kufurahia kiinimacho?

Nilidhani hapana, kwa jina lake tu. Barazani kwetu kuna mzee aliyepoteza macho; yeye kwa Kiamu husema, "Mato ndiyo yaliyokufa, vidole vingali hai." Nilikuwa nikimpita, nikidhani namstahi. Usiku mmoja akanyoosha mkono: "Na mimi?"

Nilikuwa na vijipira vya sponji nilivyokata kwenye godoro kuukuu. Kile kiinimacho ni cha mkononi kabisa: kijipira kimoja kinatiwa ndani ya ngumi yako, changu kinapotea, ukifungua unavyo viwili. Nikavibana pamoja kama kimoja, nikamtia kiganjani, nikamfunga vidole. Nikamwambia, "Ami, umeshika kimoja." Akakaa kimya. Kila mtu akanyamaza kumtazama yeye.

"Viwili," akasema, kabla hajafungua. "Tangu mwanzo vilikuwa viwili. Kimoja hakina uzito huu."

Sasa kila kipya nampelekea yeye kwanza. Kile cha sponji nimekizika, na cha pete bado hajakipasisha.